Mkwe Hashindwi

Amri ilitolewa asubuhi, kabla chai haijapoa. Master Inayat, fundi wa suti wa mtaa wa Ichhra, Lahore, alimwelekezea mwanawe kidole ambacho bado kilikuwa kimevaa kastabini, akasema, "Leo dukani mkikalishwa kucheza, akushinde. Umenisikia, Tanzeel? Mkwe hashindwi."

"Nimesikia, Baba."

"Na asijue kwamba umemwachia."

Hapo ndipo penye kazi. Kushinda, Tanzeel alikuwa hakufikirii tena, kama mtu asivyofikiria kufunga vifungo vya shati. Kwenye mchezo ule wa runinga, wa ngumi na mateke, jina lake lilikuwa limetoka Ichhra likafika mji wa Multan, na vijana walipanda basi kuja Lahore kupigwa naye, kisha wakarudi kwao wakijisifu kwamba wamepigwa na Tanzeel mwenyewe. Lakini kushindwa kwa makusudi, mbele ya mtu anayeujua mchezo, bila kuonekana? Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na hakuwahi kuifanyia mazoezi.

Mkwe mwenyewe aliitwa Shahmeer, mtoto wa pekee wa kiume wa mwenye kiwanda cha feni. Dada yake alisoma darasa moja na Rubab, binti wa Master Inayat, kwenye chuo cha ufamasia, na mambo yalianzia hapo. Ndoa ilishafungwa. Kilichobaki ni siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe, pamoja na vyombo vya kwenda naye. Sasa, kati ya saini na siku hiyo ya kumpeleka, ndipo Lahore inapovunjia ndoa zake. Ndoa zimevunjika kwa friji. Zimevunjika kwa pikipiki. Master Inayat alizishonea suti baadhi ya ndoa hizo, na suti zikarudi kwake zikiwa bado na pini.

"Sisi hatudai kitu, Kaka Inayat," alikuwa amesema Bibi Naheed, mama yake Shahmeer, huku akijichotea halwa ya karoti. "Nyumba yetu imejaa, Mungu ashukuriwe. Ila mtoto anapenda michezo yake ya runinga, na ndugu nao wana macho. Mwache achague mwenyewe, pale roho yake itakapotua."

Watu wasiodai kitu ndio ghali kuliko wote. Mtu anayedai friji unamnunulia friji, mmemalizana. Lakini asiyedai kitu, utamjuaje ameshiba?

Master Inayat alikuwa ameweka akiba ya runinga moja ya kawaida, nzuri, isiyo na aibu. Pesa nyingine iliyokuwa nyumbani ilikuwa ya mwaka wa mwisho wa Rubab chuoni. Wakwe walikubali asome mpaka amalize, hilo walilisema kwa midomo yao, lakini walisema pia kwamba masomo ya binti ni juu ya baba yake. Runinga ikizidi akiba, itakula mwaka ule, na Rubab atakwenda kwa mumewe akiwa nusu mfamasia, kitu ambacho hakuna duka la dawa linalokiajiri. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Duka la runinga lilikuwa Hall Road, jengo jembamba lililobanwa na wauza simu huku na huku. Bwana Rafaqat, mwenye duka, alilipanga kwa akili za kibiashara: runinga za watu wa kawaida chini, za wenye nafasi ghorofa ya kwanza, na juu kabisa, chumba cha vioo. Kadiri unavyopanda ngazi, bei nayo inapanda. Moshi na baridi ya Desemba vilikuwa vimeingia mpaka ndani, na taa zilionekana kama zina mafua.

"Karibuni, karibuni! Bwana harusi yupi? Ah, si wa kuuliza, uso wenyewe unang'aa!" Rafaqat aliwavutia viti. "Chai ya pinki iletwe! Na karanga!"

Shahmeer hakukaa. Alikuwa kijana mrefu mwenye haya kidogo, na, kusema haki, hakuwa na majivuno. Alichomoa mkobani mashine yake ndogo ya michezo na pedi zake mbili za kuchezea, akachagua runinga ndogo ya inchi thelathini na mbili iliyokuwa kwenye ukuta wa kulia, akaichomekea mashine, akaingia kwenye mipangilio na kuibadilisha iwe kwenye hali ya michezo. Kisha akang'oa karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo.

Bibi Naheed alishtuka. "Plastiki unaitolea nini? Watu watajuaje kwamba ni mpya?"

"Mama, inatia ukungu." Akamgeukia Tanzeel, akampa pedi moja kwa mikono miwili. "Shemeji, naomba unisaidie kupima. Runinga ya michezo haipimwi kwa picha nzuri. Inapimwa kwa kuchelewa. Nikibonyeza, ngumi itoke sasa hivi, si baadaye. Na mimi nina bahati gani, kupimiwa na Tanzeel wa Ichhra!"

Tanzeel alicheka kwa heshima, lakini moyoni alisikia baridi. Huyu alikuwa akilijua jina lake.

Wakakaa. Nyuma yao walikaa wazee na Rubab, aliyekuwa amejifunika shali ya kijivu, mikono mapajani. Pambano lilianza, na Tanzeel akafanya kama alivyoagizwa. Alichelewa. Kidogo tu, kama kupepesa jicho. Teke la chini lilikuja, akaliona tangu mbali, akangoja, akaliacha limguse, ndipo akakinga. Ngumi ya kujibu akaitoa wakati Shahmeer ameshaondoka. Ilikuwa kazi safi. Akashindwa kwa tofauti ndogo, ya heshima, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Shemeji, una mkono mzito."

Bibi Naheed alipiga makofi. Master Inayat alishusha pumzi.

Shahmeer hakufurahi. Aliikazia macho runinga kama daktari aliyesikia kikohozi.

"Inachelewa hii," alisema.

"Hapana, shemeji, ni sawa tu," Tanzeel alisema haraka.

"Teke lile la chini, shemeji, wewe unalizuia ukiwa umelala. Nimekuona kwenye video zako mara ngapi? Ikiwa wewe umechelewa kulizuia, basi ulichelewa kuliona. Na ikiwa ulichelewa kuliona, runinga ndiyo iliyochelewa kukuonyesha."

Hesabu ilikuwa imenyooka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na kasoro hiyo ilikuwa imekaa pale ikiwa imeshika pedi.

"Bwana harusi ana jicho!" alidakia Rafaqat, ambaye aliishinda runinga yenyewe kwa wepesi. "Mimi sikutaka kusema. Hizi za chini ni za kutazamia habari. Twendeni juu."

Wakapanda. Ghorofa ya kwanza runinga zilikuwa pana, na Tanzeel alimwona baba yake akiutia mkono ndani ya kizibao, kuigusa bahasha ya akiba yake kama kwamba inaweza kuwa imenenepa njiani. Shahmeer akafanya yale yale: mashine, mipangilio, plastiki, pedi.

Safari hii Tanzeel aliazimia kutochelewa. Atashindwa kwa njia nyingine. Alikinga kila kitu kwa wakati wake, ila mashambulizi yake akayafanya ya kijinga: aliruka pasipo na haja ya kuruka, akapiga hewa, akajipeleka ukutani mwenyewe kama mbuzi anayejipeleka buchani. Alishindwa.

Shahmeer aliweka pedi chini polepole. "Ulikuwa hunioni nilipo, sivyo? Ulikuwa unapiga nilipokuwa, si nilipo. Picha inaacha mkia. Mtu akitembea haraka, inafifia."

"Hasa!" alisema Rafaqat. "Mkia! Neno lenyewe ndilo hilo. Sasa kilichobaki ni kimoja tu, nacho kipo juu."

"Mwanangu," Master Inayat alijaribu, "hii nayo si inapendeza? Ukuta mzima..."

"Kaka Inayat," Bibi Naheed alimkatiza kwa upole wa kisu cha siagi, "mtoto ataishi nayo miaka. Au kuna tatizo?"

"Tatizo? Hapana, dada. Tatizo gani? Ikimpendeza yeye, imenipendeza."

Kwenye ngazi za juu Rubab alijisogeza mpaka akawa nyuma ya kaka yake. "Unafanya nini?" alinong'ona.

"Nafanya nilichoagizwa."

"Umeagizwa kushindwa?"

"Mkwe hashindwi. Unajua desturi."

"Kila ukishindwa, tunapanda ngazi. Hujaliona hilo? Na ninayepandishwa ngazi ni mimi, kaka. Ni mwaka wangu."

Tanzeel aliendelea kupanda. Alikuwa ameliona, tangu ghorofa ya kwanza, lakini kulisikia kwa sauti ya dada yake kulimchoma. Tangu akiwa mdogo Rubab alimsomea vitabu vyake vya shule huku yeye akicheza, ili angalau masikio yafaulu mtihani. Akapiga moyo konde. Liwalo na liwe, huyu bwana harusi atapigwa leo.

Chumba cha vioo kilikuwa na kochi, zulia, na runinga moja tu, pana kuliko kitanda cha Tanzeel. Hata bei yake haikubandikwa. Rafaqat alisimama kando yake kama baba wa bibi harusi. Master Inayat alikuwa anatoka jasho, Desemba ile.

Pambano lilianza, na Tanzeel akaifungulia mikono yake. Mungu wangu, ilikuwa raha! Alizuia teke la chini, akamwinua Shahmeer hewani, akampiga ngumi moja, mbili, akamshusha, akampokea kwa goti. Vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe, na aibu yote ya asubuhi ilikuwa inamtoka. Nusu ya uhai wa mpinzani ilishakatika, na Shahmeer, badala ya kununa, alipiga kelele za furaha.

"Ee! Ndiyo hii! Mama, unaona? Sasa ndiyo anacheza! Hii haichelewi hata kidogo! Ndiyo yenyewe!"

"Lete boksi!" Rafaqat alipaza sauti kuelekea ngazini.

Tanzeel alijilaani moyoni. Mjinga! Mjinga mkubwa! Alikuwa amechagua kushinda kwenye runinga ile ile ambayo hakutakiwa kushindia. Akishinda hapa, ameinunua. Vidole vikafa ganzi. Akaacha mlango wazi, akaacha ngumi zipite, akasimama kama gunia mpaka mtu wake akaanguka chali.

Ngazini zilisikika nyayo za wabeba boksi.

"Nayo inachelewa?" Bibi Naheed aliuliza.

"Haichelewi!" Rafaqat alifoka, hasira zimempanda sasa, maana mauzo ya mwezi mzima yalikuwa yanamponyoka. Alimpokonya Tanzeel pedi, akabonyeza kitufe kwa kishindo. Ngumi ikatoka. Akabonyeza tena, ikatoka. "Sikieni, tak! Oneni, paa! Kuchelewa kuko wapi hapo? Punjab nzima hakuna ya haraka kuliko hii!"

"Mbona chini hukupima hivyo?" Shahmeer alimuuliza.

Rafaqat akatafuta chai yake.

Shahmeer aliendelea kuitazama runinga, na Tanzeel aliona mawazo yakimpitia usoni, moja baada ya jingine, na akatamani ardhi ipasuke. "Nusu ya kwanza haikuchelewa," Shahmeer alisema taratibu. "Nusu ya pili ikachelewa. Runinga haifanyi hivyo. Mtu ndiye anayefanya hivyo." Akageuka. "Shemeji. Ulikuwa unaniachia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Tanzeel, mtamu, wenye heshima zote. Alimtazama baba yake. Kisha akamtazama Rubab, ambaye alikuwa anaiangalia ile runinga kana kwamba ni mtu aliyekuja kumchukulia kitu chake.

"Ndiyo," alisema. "Tangu chini."

Bibi Naheed alisimama. "Kumbe tumeletwa hapa tuchekwe! Mtoto wangu anafanywa mtoto mchanga mbele ya wauza duka!" Alichukua mkoba wake. "Shahmeer, twende. Leo hii nitazungumza na baba yako."

"Dada, dada, nakuomba." Master Inayat alikuwa ameunganisha viganja. Alikuwa mtu aliyepima mabega ya majaji na wafanyabiashara bila kumnyenyekea mtu, na sasa alikuwa akiinama. "Ni mimi niliyemwagiza. Ni heshima tu. Mkwe kwetu sisi..."

"Heshima?" Shahmeer alisema. Alichomoa mashine yake, akachukua pedi zake, akatoka bila kuaga, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.

Basi, imekwisha, Tanzeel aliwaza. Ndoa za friji, ndoa za pikipiki, na sasa ndoa ya teke la chini. Alimshika dada yake mkono, uliokuwa baridi kama chuma cha mlango. Wakashuka wote, Bibi Naheed mbele, kisigino chake kikigonga kila ngazi.

Lakini Shahmeer hakuwa garini. Alikuwa amekaa kwenye stuli ghorofa ya chini, mbele ya ile runinga ndogo ya kwanza, pedi moja mkononi na nyingine ameinyoosha kwa Tanzeel.

"Cheza," alisema. "Kwa haki ya Mungu, cheza kweli."

Tanzeel alimtazama baba yake. Master Inayat alikuwa ameinamia viatu vyake, hana amri tena ya kutoa. Ndipo Rubab, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno mbele ya mumewe, akafunua shali kichwani kidogo.

"Mpige, kaka," alisema.

Akampiga. Hakumtania wala hakumdhalilisha, alimpiga tu jinsi alivyokuwa anawapiga wale wa Multan, bila kupumzika, na kila alichojaribu Shahmeer kilikuta mlango umefungwa. Raundi ya kwanza iliisha kabla karanga hazijatafunwa. Ya pili Shahmeer aliuma mdomo, akapambana hasa, akampata Tanzeel kwa teke moja safi, halisi, na akapigwa tena. Hakuna aliyepiga makofi. Shahmeer alikaa akiwa ameshika pedi, masikio yamemwiva.

"Hii haichelewi," alisema mwishowe.

"Haichelewi, shemeji."

"Nyumbani nawashinda wote. Binamu zangu, dereva, vijana wa kiwandani. Siku za sikukuu wanapanga foleni, na nawashinda wote." Alimgeukia mama yake, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Mama. Ulikuwa unajua?"

Bibi Naheed alikuwa bado ameushika mkoba kama ngao. "Ulikuwa unalia, mwanangu," alisema. "Ukishindwa ulikuwa unalia mpaka unapata homa. Mimi ningefanyaje? Nikawaambia wote wakuachie."

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na baada ya hapo?"

Mama aliinamia mkoba wake. Tanzeel alimwonea huruma kijana yule, huruma ya kweli. Yeye mwenyewe kila ushindi wake aliutolea jasho. Huyu hakuwa na hata mmoja wa kuushika mkononi na kusema ni wangu.

Shahmeer alinyanyuka, akaishusha runinga ndogo kutoka ukutani mwenyewe, nyaya zake zikiwa bado zimechomekwa. "Nifungie hii," alimwambia Rafaqat. "Hii hii."

"Hiyo?" Bibi Naheed alisema, lakini pumzi ilikuwa imemwishia. "Inchi thelathini na mbili? Na imeshabanduliwa plastiki? Ndugu watasema nini?"

"Watasema ndogo. Watakuwa wamesema kweli, Mama. Itakuwa mara yao ya kwanza nyumbani kwetu."

Master Inayat alitoa mkono ndani ya kizibao, na kwa mara ya kwanza siku ile bahasha ilitoka nao. Aliishika kwa mikono miwili, akamtazama binti yake, na macho yake yakajaa maji mbele za watu, naye hakuyajali.

Rafaqat alikuwa analijaza boksi maneno matamu wakati Shahmeer alipoinua mkono. "Ngoja kwanza. Usizime." Akaiweka juu ya kaunta ikiwa ingali inawaka, akaenda na pedi moja mpaka mbele ya Rubab, akasimama pale kama mtu anayeogopa kubisha hodi.

"Na wewe?" aliuliza. "Na wewe wamekwambia uniachie?"

Rubab alimtazama. "Wameniambia."

"Sasa?"

Aliipokea pedi, akaigeuza juu chini, maana maisha yake yote alikuwa amemsikia kaka yake akizibonyeza lakini hakuwahi kuachiwa nafasi. Akasogeza stuli mbele ya runinga, akakaa, akaziweka vizuri ncha za shali zisimzuie mikono.

"Kitufe cha kupiga ni kipi?" aliuliza.

Tanzeel alifungua mdomo amwonyeshe, lakini Shahmeer alikuwa ameshainama, anamwonyesha.